Besi ya Betri za Juani

Leonce alijaliwa kila kitu kasoro sauti. Kimo alikuwa nacho, mabega alikuwa nayo, na pale kiwanda cha sukari Arusha Chini hakuna aliyemshinda kubeba gunia. Lakini akifungua kinywa, kinatoka kisauti chembamba mpaka watu kwenye simu humwita dada. Labda ndiyo maana alipenda sana kurekodi sauti za wengine.

Mitambo yake ilikuwa kichekesho. Redio kaseti aliinunua kwa mtu, maikrofoni imeshakufa, akang'oa spika kwenye redio nyingine mbovu na kuichomeka mahali pa maikrofoni, maana spika ukiifanyia hivyo husikia badala ya kusema. Akaitumbukiza ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa sufi, na kuta za chumba akazitundikia magunia. Sauti ilitoka na vumbivumbi, kana kwamba mtu anaongea chumba cha pili. Wenzake waliipenda hivyohivyo, wakaja mmojammoja kurekodi salamu za nyumbani.

Mwaka huo, 1982, Leonce alitaka kumwoa Ester wa Uru, milimani Uchaggani. Baba yake Ester, Mzee Basili, alikuwa ameimba besi kanisani miaka thelathini, na kwa maoni yake uanaume wote unakaa kooni. Alituma neno kwamba hazungumzi habari za binti yake na mtu ambaye hajamsikia. Msimu wa kusaga miwa hauna likizo. Basi Leonce akaingiza kichwa na kopo lake ndani ya pipa tupu, ili sauti ipate unene kidogo, akajitambulisha kwa heshima zote, na kaseti akampa baba yake mdogo, Remigius, aipeleke.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya Ester.

"Baba amekubali uje. Anasema tangu azaliwe hajasikia sauti nzito kama yako, na anawaita majirani waje kukusikiliza. Betri zetu zimechoka, kila asubuhi tunazianika juani pamoja na kahawa, ndiyo maana kaseti inajikokota na wewe unanguruma. Hatuna kaseti nyingine ya kulinganisha. Mimi nimenyamaza. Ungekuwa wewe ungesema? Naye amekujibu upande wa pili, kwa redio yetu hiyohiyo. Utamsikia ukija."

Leonce aliisoma mara mbili. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsifia sauti, na sasa amesifiwa kwa sauti ya betri.

Jumapili moja walipanda Uru, Remigius na mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, Leonce na betri nne mpya alizozipangia foleni asubuhi mbili.

"Hizo betri zifiche," Remigius alimwonya njiani. "Ukifika, salimia halafu ukohoe. Mengine niachie mimi. Ukishaoa, sauti ya nini?"

Leonce aliendelea kupanda. Alimpenda Ester kweli, na alijiona akikohoa mbele ya mkwe wake miaka arobaini.

Mzee Basili aliwapokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi.

"Shikamoo, baba," alisema Leonce.

Mzee alitazama nyuma ya Leonce. "Marahaba. Mwenyewe anakuja saa ngapi?"

"Ndiye mimi, baba."

"Wewe umetumwa."

Remigius akakohoa kwa niaba ya ukoo mzima, lakini mzee alikwisha agiza redio. Mama Dominika, mkewe, akaileta, Ester nyuma yake macho chini. Kaseti ikaanza kujikokota, na sauti nene, ya taratibu, ikajaza chumba: "Mimi... ni... Leonce..."

"Huyu ndiye niliyemkubali," alisema mzee.

Hapo Leonce akajikaza. Akatoa betri za zamani, akatia zile mpya, akarudisha mkanda mwanzo. "Mimi ni Leonce," ikasema redio, chapuchapu, kwa kisauti chembamba kilekile kilichotoa shikamoo mlangoni. "Betri zilikuwa zimechoka, baba. Ile sauti ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Sitaki kumwoa binti yako kwa besi ya kuazima."

Mzee Basili alikunja uso. Ester alishika ukingo wa meza. Leonce akajua amemkosa, na iliuma.

"Mazungumzo yamekwisha," alisema mzee kwa besi yake iliyotetemesha vikombe. "Ila kabla hujaondoka, sikia mwanaume anavyozungumza."

Akageuza kaseti mwenyewe, akabonyeza.

"Mimi-Basili-mwimbaji-wa-Uru-nimekusikia-na-nimekubali!" ilidakia redio, kwa haraka na kwa sauti ya kifaranga. Alijirekodi mkanda ukijikokota, na betri mpya sasa zilimkimbiza.

Mama Dominika alifunika mdomo kwa khanga. Haikusaidia. Alicheka mpaka akakaa chini, Ester naye akafuata, na Remigius akajifanya anachungulia mtungi huku mabega yakimtikisika. Leonce peke yake hakucheka. Alimtazama mzee akisikiliza kifaranga kile mpaka mwisho wa salamu zake, kisha kitufe kikaruka, tak.

Mzee Basili alisimama, akatoka nje. Kicheko kikakatika. Kwa mlango wakamwona akitembea mpaka mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, akainama, akavunja jani la isale. Uchaggani jani hilo unampelekea mtu unapomwomba radhi, na anayeletewa halikatai. Kijana humletea mzee. Mzee kumletea kijana, Remigius alikuwa hajaona.

Mzee akarudi, akamkabidhi Leonce jani kwa mikono miwili.

"Asante, baba," Leonce akasema, kwa sauti aliyozaliwa nayo.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Basili, polepole kabisa. "Ester, mletee mwenzako kata ya mbege."