Kutoka Mbili Kwenda Tatu

...na sasa mume wangu ameirudisha gia kwenye N, taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala, eti isishtuke, ametugonga tangu hospitali mpaka hapa ndiyo anakumbuka ustaarabu, saa nne asubuhi, jua linachoma kioo, na mbele yetu dada mwenye kizibao cha kung'aa ameinua bendera nyekundu, wanachimba kalavati, upande mmoja wa barabara umefungwa, sisi ni gari la tatu kwenye foleni, tena chini kabisa ya mlima, pabaya pa kusimama na gari la namna hii, maana tukiruhusiwa tutaondoka na moja, kisha mbili, kisha ile tatu yake... nimeshika mkono wa mlango, gari limesimama na mimi nimeshika, mwili umeshajifunza kuogopa kama punda anayejua fimbo iko wapi, na nyuma yangu mama yangu mzazi, miaka sabini na mmoja, chuma kipya pajani, amelazwa kiti kizima cha katikati akisubiri kupigwa teke na mkwewe. Kwaa! Ndivyo linavyolia likitoka mbili kwenda tatu, huo si mlio wa gari, ni ndoo ya mawe imeangushwa juu ya bati, kisha kichwa kinakwenda mbele, shingo inabaki, moyo unafuata baadaye. "Iko muzuri," anasema Jean, anaangalia bendera, haniangalii mimi, "ikipata moto inalainika." Muzuri. Miaka kumi na miwili ya ndoa na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi pale Ujiji na mtu bado anasema muzuri, kama babu zake wameteremka jana kutoka ng'ambo ya ziwa, kwani wameteremka jana, si alizaliwa hapahapa Kibirizi, akasoma hapahapa, akanioa hapahapa... inalainika. Kitu gani kinalainika, Baba Angela, tumetembea dakika arobaini na kila tuta pale Mwandiga ilikuwa kwaa, tuta la kwanza kwaa, la pili kwaa, unapunguza mwendo, gia inashuka, unaongeza mwendo, gia inapanda, na huko nyuma nasikia yoo mawe, yoo mawe wee, mama yangu analia kwa Kiha, anamwita mama yake, sauti ndogo, maana mbele ya mkwe hata maumivu yanatakiwa yavae heshima. Na amevishwa nini, ee Mungu, amevishwa majaketi ya kuokolea, sita, ya rangi ya machungwa, Jean kayatoa dukani kwake asubuhi, mawili chini ya goti, mawili ubavuni, mawili kayafunga kwa kamba kwenye mlango, mama yangu anarudi kwake Kidahwe, nchi kavu, amepangwa kama abiria wa boti anayevuka ziwa kwenda Kalemie, nesi aliyekuwa anasukuma kiti cha magurudumu aliziba mdomo kwa kiganja, nilimwona, nikatamani ardhi ipasuke. Fundi huyu! Watu wanamwita fundi. Ndiyo, kule Kibirizi ni mfalme, simkatalii, watu wanatoka na injini zao za boti Kagunga huko mpakani kumletea yeye, anainamisha sikio, anasema plagi, wanafungua, kweli plagi, wanapiga makofi, na makofi ndiyo yaliyomharibu, mtu akipigiwa makofi kwa jambo moja anadhani amepewa ufunguo wa dunia. "Injini ni injini, Mama Angela," aliniambia hivyo Februari, kalala chini ya gari letu uani, miguu tu inaonekana, kuna tone la oili lilikuwa linadondoka chini ya giaboksi, tone moja, nikamwambia lipeleke kwa Hamdani, Hamdani pale Ujiji hafanyi kingine ila giaboksi za otomatiki, akacheka chini ya gari, akaimwaga oili yote akamimina yake, ile anayowawekea wavuvi, mafuta ni mafuta, anasema, kazi yake kulainisha... Wiki haijaisha likaanza. Kwanza kama mtu anakugusa bega, unageuka hakuna mtu. Kisha kama mtu anakusukuma. Kisha kwaa. Akasema ni petroli chafu. Akasema ni barabara. Akasema ni baridi, baridi ya Kigoma, sijui aliitoa kwenye friji gani. Siku moja akachomoa betri usiku kucha ili gari lisahau, ndivyo alivyosema, lisahau, asubuhi likamkumbuka mbele ya geti la shule, watoto wetu wawili nyuma, Angela akauma ulimi ukatoka damu, Adolf akacheka kwa sababu wanaume ndivyo wanavyozaliwa. Mwisho akaenda kwa Hamdani kama mtu anayepelekwa kwa mkuu wa shule na mzazi wake, na mzazi ni mimi, Hamdani akachomoa kijiti cha kupimia, akanusa, akasugua ile oili kati ya vidole, nyeusi, inanuka kama ugali ulioungua, akauliza, "Nani kaweka hii?" na Jean akawa anatazama paa la msikiti ng'ambo ya barabara kana kwamba jibu limeandikwa kule, nikasema, "Huyo hapo," nikacheka, Hamdani naye akacheka, nilicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, najua... Kipuri kinakuja kwa treni kutoka Dar. Treni! Wiki ya tano sasa. Msilipeleke mbali, alisema Hamdani, sokoni na kanisani basi. Na sisi tunalipeleka Kidahwe, na mgonjwa. "Mama, unataka maji?" namuuliza bila kugeuka. "Sitaki," anasema, "mwambie mwenzako afungue kioo kidogo." Jean anafungua kioo, amesikia, sote tumesikia, lakini ujumbe lazima upite kwangu, miaka kumi na miwili hawajaongea uso kwa uso, mkwe ni mkwe, mama hajawahi kula mbele yake wala kulitaja jina lake, vumbi linaingia, harufu ya lami, dada wa bendera anaongea na simu na bendera iko palepale. Aliteleza uani kwake, mama, kwenye mawese, alikuwa anaipua sufuria, kisigino kikaenda, paja likavunjika kama muwa, wiki sita kitandani, na mimi kila siku baada ya vipindi, mabasi mawili kwenda mawili kurudi, na Jean naye, ndiyo, alikuwa anapeleka uji asubuhi, anamkabidhi nesi mlangoni kwa sababu ya huo ukwe wao, ni chupa tu ya uji, hata jirani anaweza. Na suluhisho lilikuwepo! Ndilo linaloniua. Kaka yangu Castory yuko palepale Gungu, ana gari la kistaarabu, la chini, jeupe, linaondoka kama mtumbwi ulioachiwa kwenye maji yaliyotulia, hujui kama limebadili gia au limekumbuka tu jambo zuri, nilishampigia, akasema hakuna neno, nitapita wodini tupange, nikalala usingizi kwa mara ya kwanza, halafu Jumanne jioni huyu bwana anaingia ndani, anavua viatu, anakaa mezani, anasema bila kuinua uso, "Castory asije. Mama atapanda gari letu." Kwa nini? "Nimeamua." Ameamua! Mtu ambaye hajaamua kitu tangu aamue oili. Kiburi. Gari la familia, anaita, viti saba, alilitembeza mtaa mzima siku lilipofika, sasa mama mkwe asipande la mwingine, watu watasema, basi mama mkwe avunjike tena ila watu wasiseme. Nilimwambia yote usiku ule, la oili yake ya wavuvi, la babu zake, la kichwa chake kujaa maji ya ziwa, na yeye anachambua samaki, mwiba mmoja mmoja, anaupanga kwenye ukingo wa sahani... na leo mlangoni pa hospitali, mbele ya nesi, nikasema tena, watu wanabebwa na magari, mama yangu anabebwa na kiburi cha mtu. Akaendelea kufunga kamba zake. Ukimya wake nao naudharau, mwanaume akijua ana kosa ndipo anakuwa mpole. Na sasa gari la mbele limewasha indiketa, hapana, limezima, bado nyekundu, naona bora niseme, niseme kwa sauti na lisikike mpaka nyuma, "Castory angeshatufikisha, bila hata chai kumwagika." Jean anaangalia mbele. Kidole chake kinapigapiga usukani, ndicho anachojua. "Devota," anasema mama. Ndiyo mama. "Nyamaza, mwana wanje." Mwanangu, ananiita, ninyamaze nini, mama, ni wewe unayeumia mimi nakutetea, halafu nanyamazishwa, wazee ndivyo walivyo, wanaona haya kwa niaba ya wanaowakosea, na huyu bibi wa bendera sasa anacheka na simu, anacheka nini... "...Jumanne," mama anasema, "alikuja Castory, akasimama miguuni pa kitanda," sawa, nilimtuma mimi, "akaangalia kidonda, kilikuwa bado kinatoa maji, akasema mama, viti vyangu ni vya kitambaa cheupe, na hiyo harufu, akasema si shemeji yupo, shemeji ana ligari lake la mizigo..." Nani kasema? Sikusikia vizuri, lori linapita upande wa pili, linapita lote na tela lake, "Nani kasema, mama?" "Kaka yako." "Mama, tuliache hilo," anasema Jean, na kwa sekunde moja sielewi ni nini kigeni, halafu naelewa, amemsemesha yeye, moja kwa moja, hajapitia kwangu. "Siliachi," anasema mama, naye hajapitia kwangu, "nimelibeba siku tano linanizidi mguu. Ulikuwa mlangoni na chupa yako ya uji, Jean, ukasikia yote. Ukanisubiri nimalize kulia. Ukasema nyuma ya pazia, mama, Devota asiambiwe, nitamwambia nimekataa mimi." Kalitaja jina. Mama kalitaja jina lake, na mimi nashika nini, nimeshika mkono wa mlango, gari limesimama. Jumanne. Alivua viatu. Alikaa. Mwiba mmoja mmoja. "Ni kweli?" namuuliza. Anakuna shingo. "Ni kaka yako," anasema, "ungekwenda kwake usiku ule ule, mngegombana, na mama yuko kitandani anaombewa na nyinyi wawili." Basi ni hivyo tu, sababu yenyewe ndogo hivyo, unaweza kuitia mfukoni. Natafuta dharau yangu niliyokuja nayo, ipo, nzima, moto, tatizo nimeishika na sijui niiweke wapi, nampelekea Castory, Castory na viti vyake, nailoni ya dukani hajaitoa mwaka wa tatu, watoto wake wanakalia nailoni inawababua mapaja, mtu aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyu huyu toka Kidahwe mpaka misheni akiwa na surua, anahofia harufu, inamtosha lakini haiishi, inabaki nyingi, nampelekea mama kidogo, siku tano unaniacha namtukana mtu mbele ya nesi na wewe umelala unasikia, kwa sababu mwanao wa kiume asichafuke, na bado inabaki, na najua inakotaka kwenda, inageuka inanitazama, nilicheka kwa Hamdani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika... Hapana, na yeye asijione mtakatifu, oili ni yake, kaimimina kwa mkono wake, chini ya gari akicheka, tone moja tu lilikuwa, tone moja, hilo halifutiki kwa chupa ya uji. Namtazama, kwa ubavu, jasho limemchora mstari nyuma ya sikio, midomo inakwenda, nilidhani anasali au ananilaani kimoyomoyo, tangu Mwandiga inakwenda. "Unasema nini peke yako?" "Nahesabu," anasema. Anahesabu nini? "Spidi ikifika arobaini inataka kuingia tatu. Nikiachia mguu kidogo kabla haijaingia, inagonga pungufu. Kwenye matuta sijaipata vizuri. Mlimani sijui." Anasema kama anaongelea mtoto mwenye degedege, bila kiburi chochote, na mimi nilikuwa nimeketi hapa, sentimita hamsini kutoka kwake, dakika arobaini, sikuona. Neno lipo. Pole, au samahani, lolote kati ya hayo, limefika kwenye meno, linasimama, ni la kwangu na halitaki kutoka, kwa sababu likitoka litavuta mengine ya miaka kumi na miwili na mama yuko nyuma anasikiliza, macho ameyafumba lakini anasikiliza, nawajua wanawake wa kwetu. Naachia mlango. Nalegeza mkanda, napitisha mkono katikati ya viti viwili, nyuma, mpaka naupata mguu wa mama juu kidogo ya goti, una joto, nauzungushia kiganja, kifundo changu cha mkono kimepinda vibaya kitaniuma mpaka kesho. Mbele dada amemaliza simu yake, ameketi juu ya jiwe, mpini wa bendera kati ya magoti, nyekundu, foleni nyuma yetu inapiga honi, hakuna gari lililosogea. "Mlimani," namwambia, na sauti inatoka kavu, ya darasani, sina nyingine, "ukikaribia tatu, niambie kabla." Jean anaweka mkono juu ya gia, haisukumi, anauacha pale. "Nitasema 'sasa'," anasema. "Sema kwa nguvu," namwambia.