Namba Zilizoishi Dakika Tano

Usiku wa kuamkia leo niliota nimevaa uso wa binti yangu.

Haukuwa mzito. Ulinikaa vizuri, isipokuwa kidevuni ulikuwa unavuta kidogo, maana Nakiete ana kidevu cha baba yake, na marehemu alikuwa na kidevu kifupi.

Nieleze kwanza kwa nini. Nakiete ni kitindamimba wangu, na kazi yake ni kupeleka vyakula vya watu kwa pikipiki. Watu wanaagiza kwa simu, hoteli inapika, yeye anabeba. Kampuni yenyewe haimruhusu dereva kuingia kazini mpaka simu imtazame usoni ihakikishe ni yeye. Sasa alikuwa na malaria, siku ya tatu hajanyanyuka, na akaunti ikikaa siku tatu bila kazi inafungwa. Kwa hiyo katika ndoto alivua uso wake akanipa, kama mtu anavyomwazima mwenzake kanga ya kwendea msibani. Yeye akabaki kitandani bila uso, amejifunika shuka.

"Mama, urudi nao kabla ya saa nane," akasema. Sijui alisemea wapi. "Na usimpe mtu namba. Unajua yaliyompata Shedraki."

Najua. Shedraki ni dereva mwenzake. Alipigiwa simu na mtu aliyejiita Ofisi Kuu, akaombwa namba sita zilizoingia kwenye simu yake, akazisoma. Mpaka leo kuna mtu anazunguka mjini anapeleka chakula kwa jina la Shedraki na sura ya Shedraki. Shedraki mwenyewe akienda kulalamika anaambiwa, wewe siye.

Basi nikatoka. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, lakini uso wa Nakiete unajua njia zote.

Ni saa saba mchana, Tabata, jua kali. Ninapita katikati ya magari kama sindano kwenye kitenge. Helmeti nimeivaa juu ya kilemba, gauni linapepea, na mwilini najisikia msichana wa miaka kumi na tisa. Niseme kweli, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilipiga honi mara tatu na mbele yangu hapakuwa na mtu.

"Mama Nakiete," likasema boksi la chakula nyuma yangu, "nina pilau ya kuku humu. Inauliza tunafika lini."

"Iambie tuko Tabata Relini."

"Inasema inapoa."

"Iambie ijifunike."

Simu ikaita pale ilipobanwa kwenye usukani. Kabla sijaigusa, ukaingia ujumbe, ukafunguka wenyewe, na ndani yake wakatoka watu sita wadogo kama vidole. Wakakaa kwa mstari juu ya tangi la mafuta: Nne, Sifuri, Tisa, Moja, Saba na Mbili. Sifuri alikuwa mnene na hakuwa na cha kujishikia, hivyo Tisa akamkumbatia.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nyie watoto wa nani?"

"Sisi ni namba ya siri ya Nakiete," akasema Nne, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wao. "Tumezaliwa sasa hivi. Tunaishi dakika tano."

"Mbona kidogo hivyo?"

"Ndivyo tulivyoandikiwa. Tunakuomba kitu kimoja tu. Usitutaje kwa huyo anayepiga tukiwa hai. Ukitutaja kama tulivyokaa tunakwenda kwake, na uso tunaubeba. Hatuna hiari."

Nikashika kidevu. Kilikuwa bado kipo.

Simu ikajipokea yenyewe.

"Habari mama, naitwa Gaspari, Ofisi Kuu. Akaunti ya binti yako inafungwa dakika hii ninayoongea na wewe. Kuna namba sita zimeingia hapo. Nisomee haraka niizuie."

Nikatafuta kile kitufe chekundu cha kukatia simu. Hakipo. Mahali pake pameandikwa: Nimekwenda kula.

"Mama, zimeingia hazijaingia?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mimi sisemi uongo. Nilimwahidi Mungu siku ya kipaimara changu na nimejitahidi hivyo hivyo.

"Zimeingia," nikasema.

Sifuri akajiziba macho.

"Basi nisomee."

"Nitakusomea."

Saba akazimia, akaangukia mshale wa mwendo, pikipiki ikaongeza kasi.

"Lakini hatujasalimiana," nikasema.

Mimi ni mtu wa Upareni, Mamba Miamba. Kwetu nyumba yako ikishika moto, jirani anakuja mbio, anasimama mlangoni, anakusalimia, anakuuliza hali ya watu wako wote mpaka ndama, ndipo anakwambia nyumba inaungua. Na moto tunauzima vilevile.

"Bwana Yesu asifiwe," nikamwambia.

"Mama, muda hatuna."

"Bwana Yesu asifiwe."

"Ameni."

"Umeamkaje?"

"Salama, salama. Namba ya kwanza?"

Simu ikakohoa. "Hilo jibu halijafika," ikamwambia. "Rudia, safari hii kama mtu."

Nikaelewa sheria ya siku ile. Jibu la haraka haraka lilikuwa linarudi kwa mwenyewe kama mpira uliopigwa ukutani. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa furaha, maana kusalimia najua.

"Nimeamka salama, mama," akasema polepole. Likafika.

"Na kazi?"

"Kazi zinakwenda."

"Uchovu?"

"Upo."

"Pole."

"Asante."

"Majirani hawajambo?"

"Hawajambo. Yule wa kushoto alihama."

"Alihamia wapi?"

"Mama, nakuomba."

"Halijafika," ikasema simu.

"Chanika. Alihamia Chanika."

"Afadhali, kuna hewa. Na kuku?"

"Sina kuku."

"Pole sana, mwanangu."

"Asante."

Nikatupa jicho kwenye tangi. Nne ameota mvi. Moja ameanza kuinama. Mbili anatafuta miwani yake na anayo usoni. "Zimekwisha dakika mbili," akaninong'oneza Tisa, akicheka kwa meno yaliyobaki. "Endelea hivyo hivyo, mama."

"Pilau inasema," likasema boksi, "yenyewe haijaulizwa hali."

Nilikuwa nataka kuiuliza, lakini sauti ya ramani ikasema geuka kulia, umefika. Sikugeuka popote, na tayari tuko ndani ya ghorofa ambalo halijapigwa lipu, mimi na pikipiki yangu, chumba cha juu. Vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na simu sikioni. Ukutani kuna misumari, na kwenye misumari zimetundikwa nyuso za watu, kama makoti kwenye sherehe.

Aliyekaa mbele alikuwa Shedraki. Nikamjua kwa kovu lake la kwenye nyusi.

"Karibu, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya Gaspari.

Basi mteja alikuwa yeye. Pilau aliiagiza ili apate namba ya simu ya dereva. Pilau yenyewe hakuwa na haja nayo. Pembeni yake palikuwa na msumari mpya, mtupu, na chini yake karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: NAKIETE.

"Ulisema utanisomea," akaniambia. Sasa tumekaa ana kwa ana, yeye na uso wa Shedraki, mimi na uso wa mwanangu. "Mtu wa Mungu hageuki."

"Sigeuki. Nimebakiza salamu moja."

"Ipi tena?"

"Mama yako hajambo?"

Vijana wote wakaacha kuongea. Mmoja akaanza kukuna goti ambalo halikuwa linawasha.

"Hajambo," akasema Gaspari.

"Halijafika," ikasema simu.

"Nimesema hajambo."

"Halijafika."

Akatazama saa ya ukutani. Akawatazama wale wazee sita kwenye tangi. Jasho likawa linatiririka kwenye kovu ambalo si lake.

"Sijui," akasema. Hilo likafika mara moja.

"Hujui?"

"Aliteguka mguu wakati wa masika. Nikabadilisha laini. Sijampigia tangu hapo."

"Hapa mezani una simu ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na yeye?"

"Moja."

"Basi mpigie. Mimi nipo hapa hapa, sina pa kwenda, na namba zako nimekwisha kukuahidi."

Nilidhani atakataa. Mkono wake ulikwenda kwenye simu ya kwanza ukarudi, ukaenda kwenye ya tisa. Akageukia ukuta.

"Mama," akasema. "Ni mimi. Hapana, sijafungwa. Hapana mama, sijafa, ndiyo maana napiga." Akasikiliza. "Nimekula." Akasikiliza tena, akikwangua ukuta kwa kucha. "Sijala."

Ndani ya boksi pilau ikajiweka sawa.

Huku nyuma Nne akanivuta kidole. "Mama, tunakufa," akasema, na sijawahi kuona mtu anafurahia vile. Nikatandika leso yangu juu ya kiti cha pikipiki, nikawashusha mmoja mmoja. Wakalala kwa mstari uleule waliozaliwa nao. Nikawaombea sala fupi, maana hata aliyeishi dakika tano ameishi.

Sifuri ndiye aliyebaki mwisho.

"Mimi nilikuwa na faida yoyote?" akaniuliza.

"Kubwa, mwanangu. Bila wewe wangekuwa watano, na watano hawafungui mlango."

Akatabasamu, akakata roho. Saa ya ukutani ikapiga makofi.

Gaspari akarudi akijipangusa pua ya Shedraki.

"Anauliza wewe ni nani," akasema.

"Mwambie ni mama Nakiete wa Tabata."

"Mguu bado. Anatembelea fimbo."

"Mpe pole."

"Nimempa." Akavuta kiti, akaweka vidole tayari. "Sasa namba."

"Sasa namba," nikasema, kwa sababu niliahidi. Nikasimama, nikaweka sauti ya kusomea somo kanisani. "Nne. Sifuri. Tisa. Moja. Saba. Mbili."

Akaziandika zote. Akabonyeza. Mashine yake ikafikiri, halafu ikatoa maandishi makubwa: Pole kwa msiba. Hawa ni marehemu.

Akayasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Mama, umenitapeli."

"Nimekusalimia tu, baba."

Ule msumari mtupu ukachomoka ukutani, ukaanguka, ukabingiria mpaka kwenye kiatu changu. Uso wa Shedraki ukapiga chafya, ukambanduka, ukaniangukia mapajani. Chini yake alikuwa kijana wa kawaida tu, anayehitaji kunyolewa. Nikaukunja uso wa watu taratibu, nisiharibu nyusi.

"Mama Nakiete," likasema boksi, "ukiweka huo humu, pilau itakaa wapi?"

Nikaitoa pilau, nikauweka uso wa Shedraki mahali pake. "Hujambo, pilau?"

"Nimechoka," ikasema, "lakini nipo."

Nikampa Gaspari. "Kula. Uliagiza mwenyewe."

Akala yote na kuramba kijiko. Kisha akanipa nyota tatu kati ya tano. Alisema imefika imepoa. Sikubishana naye, ilikuwa haki yake.

Saa nane kasoro dakika nne. Ninashuka ngazi kwa pikipiki, ghorofa tano, honi inalia yenyewe, boksi linaimba besi, barabara ya Tabata inajikunja yenyewe kunifupishia njia, wauza mahindi wananipisha na majiko yao. Ninaingia chumbani bila kuzima injini. Nakiete ameshatoa mikono nje ya shuka. Navua uso, namvisha, nabana kidevu vizuri kikae.

Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki.

"Mama, umeuchoma jua," akasema.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekwisha kupambazuka. Jirani alikuwa anafagia uwanja. Simu ya Nakiete ilikuwa karibu na kichwa changu kwenye chaja, maana soketi pekee inayofanya kazi katika nyumba yetu ni ya chumbani kwangu. Nikapiga magoti, nikasali, na kabla sijamaliza mlango ukafunguliwa. Nakiete alikuwa amesimama kwa miguu yake, homa imeshuka, shuka limelowa jasho. Akachukua simu yake.

"Mama."

"Nini?"

"Umeingia ujumbe wa namba ya siri alfajiri hii. Mimi sikuomba namba yoyote." Akasogeza kidole. "Muda wake umepita lakini. Akaunti ipo." Akakaa kitandani kwangu, akashusha pumzi, halafu akakunja uso. "Na kuna mwingine, wa mtu simjui. Mama, umempa mtu namba yangu?"

"Sijampa. Unasemaje?"

Akausoma kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya nyumba nyingine.

"Mama hajambo. Anatembelea fimbo. Anakusalimu."

Nikafunga kanga yangu vizuri.

"Mjibu," nikamwambia.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie salamu zimefika."