Msumari wa Kiatu cha Akida

Mwantumu alisema hapana jua lilipokuwa linachomoza, na saa tatu ilimkuta bado anasema hapana ile ile.

Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kisima, miguu mitupu, kaniki ameikaza kifuani, mikono kiunoni. Nyuma yake mumewe, Kibwana, ameketi juu ya rundo la udongo, kamba ya mkonge imeshafungwa kiunoni mwake, anangoja kushushwa chini akachimbe. Mbele yake Akida Sadala, mtu wa Mdachi, aliyeletwa kutoka pwani kuvitawala vijiji vya njia ya Korogwe kwenda Handeni. Na Akida alikuwa amevaa viatu.

Ugomvi wote ulikuwa hapo.

Na viatu vyenyewe sasa! Viatu vya askari, vyeusi, vizito, soli zimepigwa misumari ya chuma yenye vichwa vinene. Zawadi ya Bwana Mkubwa wa boma. Tangu Akida afike Uzigua, hakuna aliyewahi kuuona unyayo wake. Masika alivaa, kiangazi alivaa, na swala aliswalia ndani kwake ili asije akavivua mlangoni mwa msikiti. Watu walisema ni maringo. Mwantumu naye alisema ni maringo, na maringo ya mtu hayakumhusu ndewe wala sikio, mpaka yalipofika kwenye mdomo wa kisima.

Maana wachimba visima wa upande ule walikuwa na desturi yao. Kabla mtu hajashuka, mke wake, au mama yake kama hana mke, huwakagua wote wanaobaki juu. Kisu kiunoni, hirizi ya bati, bangili, kikopo cha ugoro, vyote vinawekwa kwenye ungo, mbali kabisa. Na miguu iwe mitupu, kwa sababu unyayo mtupu unakihisi kijiwe kabla hakijateleza, lakini soli ya kiatu haihisi kitu. Asiyetaka kuvua akae mbali, hakuna anayemlazimisha. Mke akisharidhika hupaza sauti, "Kweupe!" Ndipo kamba inaachiwa. Asiporidhika hashuki mtu, hata aje nani.

Mwantumu hakuijua desturi hiyo kwa kusimuliwa. Baba yake mzazi alifia kisimani, yeye Mwantumu akiwa msichana. Mtu wa juu aliinama kumwuliza kama ana kiu, kikopo cha ugoro kikamtoka kwenye mkunjo wa shuka. Kikopo, jamani! Kitu cha kuficha kiganjani. Walipompandisha baba yake hakuwa na jeraha la kutisha, kitundu tu utosini, na hakusema neno tena mpaka wanamzika.

Sasa jana yake Akida alikuja kuchungulia kamba ikiwa imeshaachiwa, na jioni Kibwana alipanda kutoka chini damu inamchuruzika sikioni, mkononi kashika msumari mnene. Ulimkwangua sikio ukazama wote kwenye tope, akauchimbua kwa kidole. Mwantumu hakupiga kelele. Aliuchukua ule msumari, akaenda kuzitazama nyayo za Akida kwenye udongo mbichi pembeni mwa kisima. Mguu wa kushoto, misumari imekamilika. Mguu wa kulia, pana pengo moja. Alirudi nyumbani akalala macho wazi, akiwaza kwamba mumewe angesogea kidogo tu, yeye angeamka mjane.

"Nasema kwa mara ya mwisho!" Akida alifoka. "Kesho Bwana Mkubwa anafika kutoka Korogwe na msafara wake. Nimemwahidi atakuta maji. Mshusheni huyo mtu!"

"Vua viatu, ama ukae kule njiani," Mwantumu alisema. "Chagua."

"Mimi? Niamrishwe na mwanamke mshenzi? Nikae njiani kama mbuzi, huku nyuma nyinyi mlale shimoni?"

"Basi vua."

Mzee Mdoe, fundi mkuu wa wachimbaji, alimsogelea taratibu. Alikuwa anatetemeka tangu asubuhi, maana nyuma ya Akida alisimama askari na kiboko chake. "Mama Chausiku," alimwita kwa jina la mwanawe, "mwanangu, yaishe. Hawa watu si wa kuchezea."

"Hayaishi, mzee wangu. Shikamoo yako nakupa kila asubuhi, lakini hili silitoi."

"Vizuri," alisema Akida. "Basi huyo mumeo ama ashuke sasa hivi, ama alale kifudifudi hapa apigwe hamsa ishirini. Naye achague."

Hamsa ishirini! Kila mtu pale alikuwa ameshamwona mtu aliyechapwa viboko hivyo ishirini na tano vya Mdachi, jinsi anavyobebwa kurudi kwake. Kibwana akainuka. Akaifungua kamba kiunoni bila haraka, akaiweka chini.

"Mwite askari wako," alisema. "Mgongo wangu utapona. Kichwa je?"

Moyo wa Mwantumu ulimpasuka vipande viwili, kimoja kikajaa fahari, kingine hofu tupu. Hasira ikaja ikaviunganisha.

Akida alicheka. Huenda alidhani akicheka na wengine watacheka. "Msumari! Kijiji kizima kinagoma kwa ajili ya msumari! Ingekuwa sululu imedondoka ningeelewa, sululu ni nzito, inakuja na kishindo chake. Kitu chepesi kama hiki kinashuka polepole. Mtu anakiona, anasogea, kwisha."

"Polepole?" Mwantumu aliuliza. "Nani kakudanganya?"

Aliagiza debe tupu la mafuta ya taa. Likafungwa kamba, likateremshwa mdomo wake ukielekea juu, kina cha mnazi na mnazi juu yake, mpaka likatua chini huko ambako mtu akisimama huonekana kama mtoto. Mwantumu akashika chuma cha sululu, kisicho na mpini, mkono wa kulia. Kushoto akashika ule msumari. Akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili juu ya shimo, sawasawa.

"Nyamazeni. Kama msumari ni wa polepole, mtasikia kimoja halafu kingine."

Akaachia. Watu wakabana pumzi. Kisha debe likalia, mlio mmoja tu uliopanda ukutani mwa kisima ukawafikia usoni. Wakaendelea kusikiliza. Hakuna kilichofuata.

"Vimefika pamoja," Mzee Mdoe alinong'ona.

Lakini Akida hakuwa mjinga, tusimwonee. Aliinama, akachuma jani la mbarika, akalitupa shimoni. Jani likayumba huku, likayumba kule, likachukua muda wake wote kama mgeni asiyetaka kuondoka. "Hilo je?" alisema. "Mbona hilo linachelewa?"

Vijana wawili watatu walicheka, na Mwantumu alihisi joto likimpanda shingoni. "Linachelewa kwa sababu ni pana na halina uzito, upepo unalishika," alijibu. "Utashikwa na upepo gani msumari? Na tena si uzito unaoua, Akida. Ni mbio. Kitu kikianguka hakiendi mwendo mmoja. Mtoto akiteremka mlima wa Dindira, hatua za kwanza anatembea, katikati anakimbia, chini kule hawezi tena kujizuia mpaka agonge kitu. Ndivyo msumari. Udondoshe kutoka kiunoni kwangu, unaokota. Udondoshe kutoka hapa, unazika."

"Maneno."

"Maneno? Leteni chungu changu. Kile kipya."

Chungu kililetwa. Wakalivuta debe juu na vitu vyake. Mwantumu akakifunika chungu kichwa chini, kisha akamvua Kibwana kofia yake ya kitani, akakivalisha chungu. Hakuna aliyecheka safari hii. Kwanza akauinua msumari mpaka usawa wa goti, akauachia juu ya ile kofia. Ukadunda, ukaanguka pembeni. Chungu kizima. Kisha chungu kikawekwa kwenye kikapu kikashushwa taratibu, kikatua pale pale ambapo Kibwana angesimama, kofia kichwani, kinawangoja.

"Sasa msumari ule ule," alisema, akaukamata kiganjani, akanyoosha mkono.

Akida hakuweza kuvumilia. Alitaka kuona kwa macho yake uchawi wote utakavyoharibika. Akapiga hatua mbili mbele, ukingoni kabisa, akakanyaga kwa nguvu kama alivyozoea mbele ya watu. "Haya, dondosha!" alisema. "Dondosha tuone!"

Kutoka chini ikasikika sauti kavu, ta! Halafu vigae vikigongana.

Mzee Mdoe akachungulia, macho yakamtoka. Kofia ilikuwa imebonyea ndani, chungu kimepasuka katikati.

"Haya, nimeona," Akida alisema. "Sawa, nakubali, una shabaha, lakini..."

Mwantumu akafumbua kiganja.

Msumari ulikuwa bado umo mkononi mwake.

Akida aliutazama ule msumari. Akatazama chini, kwenye ncha ya kiatu chake cha kulia, palipokuwa na alama mpya udongoni ya kijiwe kilichoteleza. Hakukihisi. Angekihisi vipi? Askari mwenye kiboko naye alikuwa anatazama pale pale, na bila kuambiwa na mtu akarudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka njiani.

"Hicho," Mwantumu alisema, na sauti ikamtetemeka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, "hicho kilikuwa kichwa cha baba Chausiku. Umekiua wewe, na hukujua kama umekiua. Nipige mimi, mpige yeye, tufunge minyororo wote hapa, na kisima kitabaki kikavu vile vile. Hashuki mtu."

Wachimbaji wakaketi chini. Hakuna aliyewaamuru. Mzee Mdoe, yule aliyekuwa anatetemeka, ndiye aliyeketi wa kwanza.

Kisha, ama ni kwa kumwogopa Bwana Mkubwa wa kesho, ama ni kwa kile chungu, Mungu ndiye ajuaye, Akida naye akaketi. Akafungua kamba za viatu. Alivuta kimoja, akakunja uso. Akavuta cha pili. Ndipo watu wakajua. Vidole vyake vilikuwa vimeliwa na funza, kucha hakuna, vingine vimebaki nusu. Si maringo, kumbe. Ilikuwa aibu.

Kijana mmoja akaangua kicheko.

"Anayecheka aondoke hapa!" Mwantumu alimkemea. "Kisima hakitaki kicheko, kinataka miguu mitupu." Akamgeukia Akida, akamkagua kama alivyomkagua kila mtu, kiuno, mifuko, vidole vya mikono. "Jioni njoo kwa mama mkwe wangu," alimwambia chini kwa chini. "Anawatoa funza kwa sindano, wala hasemi kwa watu." Kisha akainua kichwa. "Kweupe!"

Kamba ikaachiwa. Kibwana alipoupita uso wa mkewe akishuka, alimkonyeza, mpumbavu yule, na Mwantumu akataka kumtukana na kulia kwa pamoja.

Maji yalipatikana kabla ya magharibi, ya tope. Asubuhi yake Kibwana alikuwa tena chini, anazoa matope, msafara wa Bwana Mkubwa ulipoingia na bendera na wapagazi. Mzungu alishuka kutoka kwenye punda wake, akaja moja kwa moja kukitazama kisima chake, viatu vyake virefu vinang'aa, vinasaga changarawe.

Mwantumu akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Vua," alisema.

Mzungu hakuelewa neno, ila mkono aliuelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni. Akageuka kumtafuta mtu wake. "Anasema nini huyu?" aliuliza kwa Kidachi chao.

Akida Sadala alikuwa amesimama kando ya shimo, vidole vyake vibovu viko wazi juani, vimepakwa dawa. Alimtazama Mwantumu. Alimtazama Bwana Mkubwa, mtu ambaye kwa neno moja angeweza kumrudisha pwani bila chochote.

"Anasema uvue viatu, Bwana Mkubwa," alijibu. "Kuna mtu chini."