Kipaimara cha Irine

Jumapili saa moja asubuhi tulianza kushuka Mlima Meru kutoka vibanda vya Miriakamba. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza safari, na hesabu nilishapiga: saa tatu getini Momela, saa nne kanisani Nkoaranga, mwanangu Irine anapata kipaimara. Nilimwahidi nitakuwepo.

Ila sikumweka mzee Sylvanus kwenye hesabu. Mhandisi huyu mstaafu kutoka Dar, mgeni wangu pekee, alikuwa na mazungumzo na kila mti. Akiona mbega, anasimama kupiga picha. Akiona uyoga, anapiga magoti, anatafuta miwani. Mtu mwema, mcheshi, na nilitamani kumbeba mgongoni nikimbie naye.

Kumtangulia haiwezekani. Huku kuna nyati, na wote tunafuatana na askari mmoja mwenye bunduki. Nilimnong'oneza Khalfani, askari wetu, akaze mwendo, nikamweleza sababu. Akashangaa kwa nini sikuomba mwenzangu anishikie safari hii. Nikamwambia waongozaji wanawake ofisini tuko wawili tu, na ukitaja habari za mtoto mara moja, safari inayofuata anapewa mwanaume. Mwenyewe nilijisikia vibaya.

Saa tatu ilitukuta bado msituni, nyati dume kasimama katikati ya njia, anatafuna bila wasiwasi. Khalfani akatuzuia. Dakika ishirini nilikuwa nazunguka pale pale, natazama saa, nafunga na kufungua mkoba, hadi mzee akaniuliza nina nini. Nikasema yote, machozi yananilenga kwa hasira.

Akarudisha kamera kwenye begi.

"Binti yangu, ungeniambia jana, leo nisingesimama hata mara moja."

Nyati alipoondoka, mzee alishuka kama kijana, akiteleza, akikataa kushikwa mkono. Getini tulifika saa nne na robo. Nikawaza nitawahi japo mwisho wa ibada. Simu ikapata mtandao, ikalia. Ujumbe wa Irine.

"Mama, nimemwomba shangazi Anjela anisindikize. Usihangaike."

Mzee, akihema, aliuliza kama bado tuna muda. Nikatazama tena ujumbe. Aliutuma saa kumi na mbili na nusu, kabla hata sijavaa viatu.