Nilisimama Kidogo Tu

Kazini walimwita Bwana Dakika, na jina likamkaa. Yeye ndiye aliyepanga ratiba za mabasi ya jiji zima, na mtu akimwambia atafika "kama saa tatu hivi" alimkazia macho mpaka mwenzake aone haya. Nyumbani, lo, hakuwa bwana wa chochote. Nyumbani kulikuwa na dada yake mkubwa, fundi wa kushona, ambaye kwake Bwana Dakika alikuwa bado yule mtoto wa kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Alhamisi moja jioni aliingia na karatasi kubwa kwapani, kichwa kimemvimba. Akasukuma kando nguo za wateja zilizokuwa mezani, akaitandaza.

"Dada, njoo uone kazi ya mdogo wako!"

Dada aliweka mkasi chini, akageuza kiti chake cha magurudumu, akasogea bila haraka. Miguu yake ilikuwa imeacha kumtii tangu alipougua akiwa na miaka minne. Mikono ikachukua kazi zote: kiti alikisukuma kwa mikono, cherehani aliizungusha kwa mkono, na nyumba nzima aliiendesha kwa kidole kimoja.

"Hii nini? Umechora tambi?"

"Ramani, Dada! Mabasi yenye ubao wa kupandia, kwa watu wenye ulemavu. Vituo arobaini na viwili, vyote vimepimwa, vyote vimepita. Kesho saa nne mkuu wa idara anatia saini. Baada ya wiki tatu tunaanza, siku ileile unayoanza kazi yako."

Dada akaivuta ramani karibu. Chuo cha ufundi kilichokuwa upande wa pili wa jiji kilikuwa kimempa darasa la ushonaji, nafasi aliyoiomba mara tano. Sharti la chuo lilikuwa mwalimu afike saa mbili kamili. Dada naye alijiwekea lake: hatabebwa. Alikwisha kubebwa vya kutosha, mgongoni, begani, na mara moja kwenye toroli la mchanga. "Siku nitakayobebwa mbele ya wanafunzi wangu," alisema, "nitarudi nyumbani na sitatoka tena." Kila kitu alikifanyia mzaha isipokuwa hilo.

Akaanza kupekua fomu zilizobanwa pembeni mwa ramani, mpaka akaikuta ya kituo chao wenyewe, pale mwisho wa mtaa.

"'Kikwazo: hakuna.' Haya! Na ule mtaro?"

"Mtaro upi?"

"Ule ulio kati ya mtaa wetu na kituo. Ule uliotumbukia ukiwa na miaka sita, ukalia mpaka ukatapika."

"Ah. Ule."

"Nani alipima hapa?"

"Mimi mwenyewe," alijibu kwa majivuno. "Nilikalia kiti cha magurudumu cha ofisini, kuanzia nyumba ya mwisho ya mtaa huu mpaka ndani ya basi. Kupanda tu, sekunde arobaini. Nilikuwa na saa mkononi."

"Na mtaro ulivukaje, ukiwa umekaa?"

Sasa Bwana Dakika aliikumbuka vizuri ile asubuhi: amefika mtaroni, ameinuka, amekishika kiti kwa mkono mmoja, ameruka, amekaa tena, na saa inaendelea kuhesabu.

"Nili... nilisimama kidogo."

"Ulifanyaje?"

"Nilisimama, Dada. Kidogo tu."

Weee! Dada alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. "Kasimama kidogo! Jamani, kumbe dawa ndiyo hiyo! Madaktari wote wale, hakuna hata mmoja aliyeniambia nisimame kidogo!"

Akamwamuru ampigie simu mpimaji, mmoja wa wenzake waliopima vituo vilivyobaki, na aweke spika. Mpimaji hakuona tabu iko wapi. "Panapokwama unainuka, unakivusha kiti, unakaa tena," alisema. "Si ndivyo ulivyotuonyesha wewe mwenyewe siku ya kwanza, bosi?"

Kicheko kilipokwisha, Dada aliikunja ile karatasi, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwa hiyo siku yangu ya kwanza basi litaningoja ng'ambo ya mtaro, na wanaume wanne watakuja kuninyanyua, abiria wanatazama. Umeniumiza, mdogo wangu."

"Nitarekebisha baadaye. Nikisema kesho mpango wote utakwama, na ofisi nzima itanicheka."

"Mimi nimekucheka na hujafa. Kesho saa moja, kabla ya kwenda kazini, utakaa kwenye kiti changu."

Saa moja asubuhi Dada alikuwa amehamia kwenye kiti cha kawaida dirishani, na Bwana Dakika amekaa kwenye kile cha magurudumu, tai shingoni. Dada akamfunga miguu kwa kipande cha kitambaa, akakaza fundo. "Mguu ukikumbuka kusimama, fundo litaukumbusha mimi ni nani." Kisha akabaki dirishani pale, mahali alipokuwa akibaki tangu utotoni, kila asubuhi, akimpungia mkono mdogo wake anayekwenda shule, na baadaye kazini, mpaka akate kona.

Hatua mia mbili ambazo Bwana Dakika alizitembea maisha yake yote zilimtoa ulimi nje. Mashimo aliyokuwa hayajui kabisa yalimjua yeye. Alipofika mtaroni akakwama. Basi la saa moja na robo likaja, basi ambalo kwa kalamu yake mwenyewe aliliandikia dakika moja ya kusimama. Likasimama dakika moja, likaondoka.

Mara wakatokea wanaume wawili wenye huruma zao. "Pole, kaka, pole sana!" Hawakumuuliza anakwenda wapi wala kama anataka. Mmoja akamshika makwapani, mwingine magotini, wakamvusha, wakakivusha na kiti, wakamketisha ng'ambo akiwa amekipa mgongo kituo, na mmoja akampigapiga kichwani. Mtu mzima na tai yake, anapigwapigwa kichwa! Bwana Dakika aliona aibu, na chini ya ile aibu kulikuwa na hasira.

Akainama, akafungua fundo, akasimama. Mama mmoja aliyekuwa akipita akapiga yowe akidhani ameona muujiza. Wale waliombeba hawakudhani hivyo, na maneno waliyomtolea hayaandikiki.

Dada alikuwa angali dirishani aliporudi akisukuma kiti kitupu. "Haya, sekunde ngapi?"

"Nisamehe, Dada."

"Nimekusamehe. Sasa nenda kawaambie wao."

Saa nne mkuu wa idara alikuwa ameshika kalamu. "Usitie saini, mkuu," alisema Bwana Dakika, akamweleza yote: mtaro, kusimama, vituo vyote arobaini na viwili, na kwamba aliyewafundisha wenzake ni yeye. Chumba kikaangua kicheko. Tangu siku hiyo ofisini hakuitwa tena Bwana Dakika bali Bwana Simama Kidogo. Mkuu peke yake hakucheka.

"Tarehe tumeshaitangaza," alisema. "Nakupa njia moja tu, wiki tatu hizohizo. Ikishindikana, naufuta mpango wote. Utachagua ipi?"

"Ile inayopita kwetu mpaka chuo cha ufundi."

"Kwa nini hiyo?"

"Naitaka kwa ajili ya dada yangu, mkuu. Na huyo ndiye atakayepima."

Basi Dada akapima. Alikuja na wenzake watatu wenye viti kama chake na mmoja wa magongo, na mfukoni ana chaki yake ya kuchorea vitambaa. Kila ukingo uliowazuia aliuchorea mstari kama anakata suruali. "Hapa kata. Hapa punguza. Hapa nani alishona, jamani?" Mafundi wa barabara walinung'unika siku ya kwanza. Ya pili walikuwa wakimwita wenyewe aje kukagua. Mtaro ule ukafunikwa kwa zege pana, lisilo na ngazi hata ya kidole, siku mbili tu kabla ya tarehe. Bwana Dakika akachukua ratiba, akafuta sekunde arobaini, akaandika dakika nne.

Asubuhi ya siku yenyewe aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Dada alikubali kwa sharti moja. "Ukinigusa, nakuchoma pini." Kwa hiyo alitembea nyuma yake, mikono mgongoni, moyo unamwenda mbio kuliko magurudumu. Dada akalivuka lile zege bila hata kupunguza mwendo.

Basi likasimama, ubao ukashuka. Abiria mmoja akainuka akitaka kumsaidia. "Asante, kaa tu," Dada alimwambia. Akajisukuma juu, polepole, mabega yakitetemeka. Katikati akapumzika. Bwana Dakika aliing'ang'ania saa yake kwa macho kwa sababu kumtazama Dada hakuweza. Akasikia ubao ukirudi.

"Dakika tatu na sekunde hamsini!" alipaza sauti, akainua macho.

Mlango ulikuwa umeshafungwa. Dereva alikuwa mtu wa kufuata ratiba, na ratiba aliiandika nani? Basi likaanza kuondoka, na Bwana Dakika yuko nje, ruhusa yake ya kazini mfukoni. Dada akageuka dirishani, akamwona, akacheka kile kicheko chake cha kugongesha majirani kuta, kisha akampungia mkono.

Naye akampungia mpaka basi likakata kona. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekwenda na Dada ndiye aliyebaki. Akalia palepale kituoni, mbele ya watu, na wala hakuangalia saa.