Kisanduku Namba Thelathini na Moja

Keki ilikuwa ya kijani, ina ua la sukari juu yake, na Måns ndiye aliyeshika kisu. Tulikuwa tunasherehekea siku kumi na moja bila kengele hata moja ya bure. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa pili, baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, nasi tumejazana kwenye jiko la ofisi yetu pale Umeå, kaskazini mwa Sweden, tunakunywa kahawa kama watu waliofanya jambo la maana.

"Hongera, dada Ylva," Måns akasema, akinikatia kipande kikubwa kuliko cha wenzangu. Ni mtu wa kusini, wa Skåne, na nadhani alihamia huku ili apate wa kuwatania. "Wazee arobaini na watatu, siku kumi na moja, na hakuna hata bibi mmoja aliyechomoa kisanduku ili achomeke mashine ya kufyonza vumbi? Watu wa kaskazini mmestaarabika lini?"

Nikamjibu kwa ndiyo ya kwetu, ile ya kuvuta hewa ndani kwa mdomo, fyup, bila neno.

"Ongea bwana! Unanyonya hewa kama pampu ya baiskeli, mtu atajuaje umekubali?"

Wenzetu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaacha kutafuna. Maneno yake ya utani yalikuwa yameniingia vibaya. Hakuna hata mmoja? Kwa siku kumi na moja?

Kazi yetu ni hii. Mzee anayeishi peke yake kijijini huvaa bangili yenye kitufe. Akianguka, anabonyeza. Bangili inaongea na kisanduku kilichochomekwa ukutani jikoni kwake, kisanduku kinatuletea habari, nasi tunamtuma mtu. Kila baada ya dakika kumi kisanduku hutuma neno moja, hata kama hakuna kilichotokea: nipo. Kikinyamaza kwa saa mbili, kengele inalia ofisini. Kwa kawaida hulia mara tatu kwa wiki, na mara zote ni mtu anafanya usafi.

Programu yenyewe tumeiandika kwa lugha ambayo wenyewe tunaisifu kwa uvivu. Msicheke, ni sifa kweli. Kila kitu ndani yake ni fomula, unaingiza hiki kinatoka kile, na fomula haihesabiwi mpaka atokee wa kutaka jibu lake. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu yakawa kitu ambacho mashine inakielewa, tumejitengenezea wenyewe, na mtunzaji wake kwa miaka tisa ni mimi. Tuna msemo: ikipita kwa kompaila, inafanya kazi. Tunausema kwa majivuno, tena mbele ya wageni.

Wiki mbili nyuma niliifundisha kompaila ile uvivu mpya. Ikikuta fomula ambayo jibu lake halitakiwi popote, iifute moja kwa moja. Mwanzoni ilikuwa inatoa onyo kila inapofuta. Maonyo yakawa mia na zaidi, yakanikera, nikayazima. Halafu siku chache baadaye nikauondoa ukurasa mmoja kwenye ubao wetu mkubwa wa ukutani, ule unaomwonyesha kila mzee kwa taa ya kijani kisanduku chake kikiwa hai, kwa sababu nilidhani hausomwi na mtu.

Niliweka sahani ya keki juu ya sinki, nikaenda mezani kwangu karibu kwa kukimbia.

"Nini tena?" Måns akanifuata na kisu mkononi.

"Nataka kuyawasha maonyo."

"Yale mia? Si ulisema ni kelele?"

 Niliyawasha, nikaiamuru kompaila ianze upya. Mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, na wa saba ulisomeka hivi: ukaguzi wa visanduku, jibu lake halitakiwi popote, umefutwa.

 Måns alisoma, akasoma tena, akakiweka kisu chini taratibu.

"Ngoja," akasema, na safari hii hakukuwa na utani. "Kengele ilikuwa inalisoma jibu kutoka kwenye ule ukurasa ulioufuta?"

"Eeh."

"Kwa hiyo ukurasa ulipoondoka..."

"Hapakuwa na wa kuuliza tena kama visanduku vipo. Kompaila ikaona ni kazi ya bure. Ikaitupa."

"Na huu ubao?" Akanyoosha kidole ukutani. Ubao ulikuwa kijani tupu, wazee wote arobaini na watatu.

"Unaonyesha jibu la mwisho. La siku kumi na moja zilizopita."

Kimya kina mshindo mkuu, na sisi kimya hicho tulikikatia keki.

Niliurudisha ukurasa na kuanza kujenga programu nzima upya. Sehemu mia mbili na kumi na mbili. Kompaila huziandika namba inapopita: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimeitengeneza mimi, naijua kila kona yake, na asubuhi ile sikuweza kuisukuma hata kwa sekunde. Måns alikuwa tayari kwenye simu na manispaa, anawasomea majina ili wapigiwe mmoja mmoja. Mimi nilikaa natazama namba.

Nilikuwa naogopa jina moja, naogopa hata kulipigia simu. Kwenye orodha ile yumo Evert, miaka themanini na mmoja, wa kijiji cha mwisho kabla barabara haijaingia msituni. Ni baba yangu. Kisanduku chake nilikichomeka kwa mikono yangu mwenyewe, namba thelathini na moja, kando ya birika lake. Na tangu siku ile niliacha kumpigia simu za asubuhi. Sababu ya kupiga ilikuwa ipi? Niliingia ofisini, nikatazama ubao, nikaona kijani kwenye thelathini na moja, nikasema Baba yupo, nikaendelea na kazi.

Mia mbili na kumi. Na kumi na moja. Na kumi na mbili.

Ubao ukazimika, ukawaka. Wote wakarudi kijani, ila mmoja. Kengele ikaanza kulia, na sikuhitaji kuisoma namba.

Nilipiga simu ya nyumbani kwake. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Kisha nikampigia Siv, jirani yake, mwanamke wa miaka sabini anayejua kila moshi unaotoka kwenye kila bomba kijijini.

"Siv, ni Ylva. Umemwona Baba?"

"Juzi alikuja kuchukua jibini ya kutia kwenye kahawa. Kwa nini, mwanangu?"

"Bomba lake linatoa moshi?"

Nikamsikia akienda dirishani. 

"Hapana," akasema. "Navaa buti."

Alienda na sileji yake, kiti cha kuteleza juu ya theluji kinachosukumwa kwa mguu, simu mfukoni, haikukatwa. Nilikuwa nasikia vyuma vikikwaruza theluji na pumzi zake. Måns alisimama nyuma yangu, anaongea na ambulensi kwenye simu nyingine. Mlango ukagongwa. Mlango ukafunguliwa.

"Evert? Wewe Evert! Ee Mungu wangu."

"Siv, niambie."

"Yuko chini, hapa jikoni. Amejifunika zulia. Nyumba barafu tupu, Ylva. Hasemi."

"Mwekee simu sikioni."

Nikasikia kitambaa kikisugua.

"Baba. Ni mimi. Unanisikia?"

 Måns alinishika bega, nikautoa mkono wake.

"Baba, unanisikia?"

Fyup.

Hewa iliyovutwa ndani kwa mdomo, kidogo sana, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Mtu wa kusini angedhani ni pumzi ya mwisho. Måns mwenyewe alifumba macho. Mimi nilipiga yowe la furaha ofisi nzima ikageuka.

"Amesema ndiyo! Yupo! Siv, mfunike, washa jiko, ambulensi inakuja!"

Umeme ulikuwa umeruka nyumbani kwake siku ya dhoruba ya theluji, siku chache nyuma, ndivyo ilivyokuja kujulikana, na kisanduku kikafa siku ileile. Kingekuwa kimesema kwa kunyamaza kwake, kama ilivyo kazi yake, lau tungekuwa tunauliza. Baba alianguka jana yake mchana. Haya nilikuwa bado siyajui wakati sauti yake ilipokuja, nyembamba, neno moja moja.

"Nilibonyeza."

"Najua, Baba."

"Mara nne. Nikafikiri... umeona, ukaona si kitu. Una kazi nyingi."

  Nililia tu, na baada ya hapo nikafanya kitu pekee nilichokijua, nikaanza kumuuliza. Baba, miguu unaisikia? Fyup. Siv amekufunika? Fyup. Mbwa wa Siv yupo hapo? Fyup. Utakunywa kahawa na jibini ukitoka hospitali? Nafasi kati ya swali na jibu ilikuwa inazidi kuwa ndefu, na kila ilipokuwa ndefu moyo wangu ulisimama kuingoja. Dakika arobaini nzima.

Hatimaye ikaja sauti nyingine, ya kijana wa ambulensi. "Tunaye. Yu hai, tunampakia sasa. Unaweza kuacha kuuliza."

Sikuacha.