Kalamu Nyekundu kwenye Daftari la Mkojo

Nimekuwa fundi bomba miaka thelathini na tisa, na sisemi kwa kujisifu: bomba kuu la mji lilipopasuka, nililiziba kwa kisigino saa sita nzima huku nikitafuna karanga, na watu wa ghorofa ya nne wakaoga bila kujua wanaogea kisigino cha nani. Mke wangu husema ilikuwa dakika kumi, na ghorofa ilikuwa ya pili. Yeye ni mwalimu mstaafu. Bila kusahihisha hapumui.

Sasa pima mwenyewe aibu yangu, bomba langu binafsi lilipoanza kuleta matata.

Nilikuwa nasimama chooni nikisubiri, kama mtu aliyepanga foleni peke yake. Mkojo ukija, unakuja kidogo, unakatika, unarudi, kisha unaniachia moto huko chini, kama nimekalia jiko. Na kila mimi na Mwalimu tulipokuwa faragha, maumivu yalinifuata siku mbili nzima, hayana haya. Nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Nikasingizia mgongo. Miezi minne ikapita.

Daktari niliyemwendea alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wangu. Alinipima kwa kidole, mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kutembelea, akavua glovu akaketi.

"Baba, ni tezi dume. Imevimba, na uvimbe wenyewe ni wa siku nyingi. Si saratani, na vipimo vya mkojo havikuonyesha vijidudu."

"Itapona?"

"Itatulia. Huenda ikarudi, itatulia tena. Utaishi nayo kama unavyoishi na jirani mwenye kelele. Meza dawa, kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, punguza kahawa na pilipili, usishinde umekaa kitako."

Ukutani palikuwa na picha ya figo. Nikaiuliza hiyo figo, maana binti sikuweza kumtazama: "Na mambo ya nyumbani je?"

"Hayajakatazwa. Wala hayamdhuru mama. Umezungumza naye?"

"Tunazungumza sana," nikasema. Ilikuwa kweli. Asubuhi ile tulikuwa tumebishana nusu saa juu ya kifuniko cha sufuria.

Akanipa kazi. Nichukue daftari, wiki mbili niandike kila ninapokwenda haja ndogo: saa ngapi, kiasi gani, maumivu yakoje. Na ukurasa wa mwisho niandike jambo linalonitisha kuliko yote.

Niliandika kifundi. "Saa mbili asubuhi: presha ndogo. Saa tatu na robo: koki inavuja baada ya kufungwa. Saa nne: hakuna kitu, tumetazamana tu." Ukurasa wa mwisho ulinichukua siku tatu. Niliandika: "Naogopa kumgusa mke wangu, nikaumia katikati, akadhani amenichosha. Naogopa nimekwisha."

Daftari kama hilo huliachi ovyo. Sisi mafundi bomba tukitaka bomba lisionekane tunalipitisha ndani ya ukuta, matofali huku na huku. Mwalimu bado huwafundisha watoto wa mtaa alasiri, na mezani hapakosi rundo la madaftari ya bluu. Langu pia lilikuwa la bluu. Nikalichomeka katikati ya rundo, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Alhamisi nikamkuta ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Jumamosi nakwenda kwa binti yetu," akasema.

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Wewe una kochi lako."

"Mwalimu, ni mgongo huu."

"Mgongo huo nimeuona juzi umebeba mtungi wa gesi kutoka dukani."

Niliogopa bomba, sasa nikaona nyumba nzima inabebwa kwenye sanduku, na neno la kuizuia lilikuwa limelala kwenye rundo la madaftari. Sikuthubutu kulitoa.

Jumamosi saa tatu asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Juu yake, daftari langu.

Fundi wa mabomba, nilisahau kwamba mwalimu harukwi na daftari. Alikuwa amelisahihisha lote, kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari. Kwenye presha: "Ndogo kiasi gani? Toa kipimo." Kwenye koki: "Mfano mzuri, ila usikwepe jina la kitu." Kwenye kutazamana: "Nimecheka peke yangu. Nyongeza alama moja." Ukurasa wa mwisho wino ulikuwa umelowa na kutanda. Chini yake: "Umekwisha kwa hesabu ya nani? Kazi haijakamilika. Njoo unione."

Nikaenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, miwani mkononi.

"Miezi minne, Fundi," akasema. "Nilidhani nimezeeka peke yangu. Nilibadilisha mafuta ya nywele mara tatu kwa ajili yako."

"Niliyanusa. Ya pili yalikuwa mazuri."

"Na hukusema."

"Nilikuwa kwenye kochi. Mwalimu, ikiuma katikati je?"

"Utasema simama, nitasimama. Mtu aliyeziba maji ya mji kwa kisigino anashindwaje kusema neno moja?"

"Saa sita nzima," nikamkumbusha.

"Dakika kumi." Akachukua simu, akampigia binti yetu. "Mwanangu, siji. Baba yako ana mtihani."

Kwanza akanichemshia maji, akanikalisha kwenye beseni kama mtoto mchanga, tukacheka hadi maji yakamwagika sakafuni, nami fundi sikuyaziba. Mengine ni ya ndoa yangu. Nitakachosema ni kile nilichompelekea daktari, maana daftari lilipaswa kukamilika: "Jumamosi, saa tano asubuhi. Nilisema simama mara moja. Mara ya pili tulisimama kwa kucheka. Maumivu yapo, kidogo. Sijakwisha."

Daktari aliusoma mstari wa chini kwa sauti, ule wa wino mwekundu, akashindwa kuzuia kicheko: "Saba juu ya kumi. Rudia."

Mtaani nikisimulia, huwa nasema tisa.